Sindano Kabla ya Tiketi

Mgeni akifika Matondoni, Lamu, huonyeshwa majahazi yanayoundwa ufukweni na mikeka inayosukwa barazani, kisha hupanda mashua akarudi Amu akidhani amekiona kijiji chote. Pasipoti zilizomo makabatini hakuziona. Nyumba hii ina bibi aliyejiwekea akiba ya hija kidogo kidogo kwa miaka. Ile ina kijana anayengojea kuitwa Doha. Ya upande wa pili ina binti aliyepata nafasi ya kusoma ughaibuni. Wapo pia ambao nje kwao ni Unguja tu, kwa jamaa, kwa maulidi, kwa harusi. Ukiwasikiliza, maulizo yao ni yale yale: tiketi bei gani, viza imetoka, mzigo kilo ngapi. Sindano huja mwisho, pale wakala anapopiga simu kuuliza kadi ya njano iko wapi, na siku zilizobaki ni nne.

Siku nne hazitoshi. Shauri langu ni moja, na yote yanayofuata ni maelezo yake: chanjo ianze kabla tiketi haijalipiwa.

Sababu ni kwamba afisa wa afya uwanjani hatazami tu kama umechanjwa. Anatazama umechanjwa lini. Kadi ya homa ya manjano huanza kukubalika siku kumi baada ya sindano, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kujijengea kinga. Hiyo ni kanuni ya afya ya kimataifa. Chanjo ya uti wa mgongo inayotakiwa Saudia nayo ichomwe si chini ya siku kumi kabla ya kuwasili. Polio, kwa nchi ambazo Saudia imeziweka kwenye orodha yake, ni wiki nne kabla. Homa ya ini aina ya B, ukitaka kinga kamili, ni sindano tatu zinazochukua miezi sita. Siku hizi hazifupishwi kwa kumjua mtu wala kwa kumwomba mtu.

Nianze na homa ya manjano, maana ndiyo inayowakwaza wengi. Mzee wa Matondoni ana haki ya kuuliza: ugonjwa huu sijauona tangu kuzaliwa kwangu, vipi nidaiwe kadi yake? Jibu ni kwamba wanaodai hawatazami kijiji chako, wanatazama nchi unayotoka. Homa ya manjano huenezwa na mbu, na Kenya imo katika ukanda wa nchi zenye hatari hiyo. Mwaka 1992 na 1993 ugonjwa ulizuka bonde la Kerio, na mwaka 2022 ukazuka tena Isiolo. Kwa sababu ya Kerio, watoto wa kule Baringo na Elgeyo Marakwet huchanjwa kliniki kama kawaida. Wa Lamu hawachanjwi. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa na kukulia Lamu asijidanganye kwamba zile sindano nyingi za utotoni zilikuwa na hii ndani yake. Haikuwamo.

Na asidhani kuwa ni urasimu mtupu. Machi 2016, wakati Angola ikiungua kwa mlipuko mkubwa, Kenya iliripoti wagonjwa wawili waliorudi nayo kutoka huko, na mmoja wao akafa. China, ambako ugonjwa huu haukuwahi kuwapo, ilipokea wagonjwa kumi na mmoja kutoka Angola mwaka huo huo. Hilo ndilo linaloogopwa na nchi zenye mbu wa kueneza lakini zisizo na virusi, kama vile India, ambako abiria atokaye nchi kama yetu bila kadi anaweza kuzuiliwa karantini hadi siku sita. Afrika Kusini hudai kadi, Oman hudai, Saudia hudai. Tanzania nayo hudai kwa watokao nchi zenye hatari, na Kenya imo. Hili huwashangaza watu wetu, kwa sababu mtu anayevuka Lunga Lunga kwenda kwa shangazi yake Tanga, au anayepanda ndege kwenda Unguja, hajioni kuwa ni msafiri wa ng'ambo. Kwa afisa wa mpakani ni msafiri wa ng'ambo.

Lipo jambo jema ambalo wengi bado hawajaambiwa. Tangu tarehe 11 Julai 2016, sindano moja ya homa ya manjano inakubalika kwa maisha yote. Zamani kadi ilikuwa ikifa baada ya miaka kumi. Basi kama una kadi ya mwaka 2008 imeandikwa kuwa mwisho wake ni 2018, usiitupe wala usilipe tena. Kanuni mpya inaikomboa na hiyo ya kale, mradi iliandikwa sawasawa. Ukikutana na mtu anayekulazimisha uchanjwe upya kwa sababu ya miaka kumi, mwambie kwa adabu akatazame kanuni.

Chanjo hii huja kama unga ndani ya kichupa, na mara nyingi kichupa kimoja ni cha watu kumi. Ukishachanganywa na maji yake, una saa sita tu, kilichobaki humwagwa. Ndiyo maana kituo kinaweza kukwambia uje siku fulani, au ungoje hadi watu wafike idadi. Usimkasirikie muuguzi: kukufungulia wewe peke yako ni kumwaga dozi tisa. Faida iko kwa wanaokwenda kwa makundi. Kama ni msafara wa hija, kiongozi akusanye majina, apige simu kituoni, wapange siku, waende pamoja. Tena si kila hospitali iliyo na chanjo hii, na si kila hospitali yenye ruhusa ya kugonga mhuri wa kadi ya kimataifa. Zahanati ya kijijini ni ya kukuelekeza. Uliza Hospitali ya King Fahd, Amu. Wakikwambia huduma haipo wakati huo, vituo vya Mombasa vinajulikana, na ofisi za afya za bandarini na za uwanja wa ndege zitakwambia ni kipi kina dozi. Ila piga simu kwanza. Kutoka Matondoni hadi Mombasa ni chombo cha baharini, ni Mokowe, ni basi na vizuizi vya usalama njiani, ni malazi ya usiku mmoja au zaidi. Hiyo si njia ya mtu kwenda kuambiwa dozi zimekwisha.

Wapo wasiofaa kuchanjwa, na hapa sitaki mtu asome haraka. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto chini ya miezi tisa kwa kawaida hachanjwi. Mtu mwenye mzio mkali wa mayai hachanjwi, kwa sababu chanjo hutengenezwa ndani ya mayai ya kuku. Mwenye kinga iliyoshuka sana, iwe kwa VVU au kwa dawa za saratani, naye asichanjwe kabla ya kuonana na daktari. Mjamzito na anayenyonyesha mtoto mchanga wanahitaji shauri la daktari pia. Na mwenye miaka sitini na kuendelea ambaye hajawahi kuchanjwa: madhara makubwa ni nadra sana, lakini kwake hutokea zaidi kuliko kwa kijana. Wengi wa mahujaji wetu ni wa umri huu. Bibi asipelekwe kwenye foleni akachomwa kwa sababu jina lake limo kwenye orodha ya msafara. Aonwe kwanza, aulizwe dawa anazotumia. Daktari akiona haifai, kadi ile ile ina sehemu ya kuandika msamaha wa kitabibu, ukasainiwa na kugongwa mhuri. Ila msamaha si lazima ukubaliwe: nchi unayokwenda ndiyo yenye kauli, kwa hiyo ubalozi au wakala aulizwe mapema.

Madhara ya kawaida ni mkono kuuma, na baadhi ya watu hupata homa ndogo na maumivu ya kichwa siku chache baadaye. Ukiwa umechoma siku mbili kabla ya ndege, homa hiyo itakukuta angani au, mbaya zaidi, kwenye kamera ya kupimia joto la mwili. Sababu nyingine ya kutangulia.

Sasa kadi yenyewe. Ifungue uitazame ukiwa bado mbele ya dirisha, kabla hujatoka. Jina lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Pwani yetu hili ni tatizo hasa: mtu mmoja ni Mohamed kwenye kitambulisho, Muhammad kwenye pasipoti, na muuguzi amemwandika Mohammed kwa mazoea ya mkono wake. Fatma na Fatuma. Saleh na Swaleh. Athman na Uthman. Kijijini hao ni mtu mmoja. Kwenye kompyuta ya uwanja wa ndege ni watu wawili. Kisha tazama namba ya pasipoti, tarehe ya sindano (mwezi uandikwe kwa herufi, ili 3/5 isisomwe kama Machi tano), namba ya toleo la chanjo iliyobandikwa au kuandikwa kutoka kwenye kichupa, saini, na mhuri wa kituo. Kikikosekana kimoja, irudishwe pale pale. Ukifika nyumbani ipige picha kwenye simu, na kadi yenyewe iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na pasipoti. Maji ya chumvi yameshaharibu karatasi nyingi kwenye mashua zetu.

Na kadi za kununua? Zipo, kila mtu anajua zipo, na wapo vijana watakaokwambia wanaijua ofisi ambako haulizwi mkono. Mtu aliyenunua kadi amenunua karatasi. Akiugua, ameugua. Akigunduliwa, safari imekwisha na jina lake limebaki kwenye kumbukumbu za nchi aliyotaka kwenda kuchuma. Sina la kuongeza hapo.

Kwa wanaokwenda Makka, uti wa mgongo ndio wa kwanza. Ugonjwa huu hupita kwa mate na pumzi, na hakuna mahali pa watu kusongamana kama Mina na Arafa. Mwaka 1987 ulizuka wakati wa hija na mahujaji wakarudi nao makwao. Miaka miwili baadaye Nairobi ilipata mlipuko wake, na maabara zikaonyesha kuwa vijidudu ni vya ukoo ule ule. Mwaka 2000 ukaja wa aina nyingine, W135, na Ulaya waliougua hawakuwa mahujaji peke yao bali na jamaa zao waliobaki nyumbani. Baada ya hapo Saudia ikataka chanjo ya aina nne kwa pamoja, yaani A, C, W na Y. Kwa hiyo unapochoma sindano hii unamkinga pia mjukuu atakayekuja kukukumbatia gatini.

Hapa pana jambo dogo linalogharimu watu. Chanjo hiyo iko ya namna mbili: ya kisasa, iitwayo konjugeti, ambayo cheti chake hudumu miaka mitano, na ya zamani ambayo hudumu mitatu. Kama kadi haikuandikwa ni ipi, huhesabiwa miaka mitatu. Mwombe muuguzi aiandike, hasa kama una nia ya kurudi kwa umra.

Maswali mawili huulizwa barazani, na ni ya haki. La kwanza, je, chanjo hizi zina kitu cha haramu? Mjadala huu ulikuwa mkubwa Indonesia, nchi ipelekayo mahujaji wengi kuliko zote, na mwaka 2010 baraza lao la maulamaa lilizichunguza chanjo za uti wa mgongo na kupitisha zile walizoridhika nazo. Muulize mfamasia jina la chanjo utakayochomwa, upeleke kwa sheikh unayemwamini. La pili, je, sindano hubatilisha saumu? Masheikh wengi wameeleza kuwa sindano ya chanjo si chakula wala haikai mahali pa chakula, hivyo haibatilishi. Lakini kwa nini ujitie kwenye shaka? Choma Rajabu au Shaabani umalize.

Wazee wetu walikuwa na njia ngumu zaidi. Tangu miaka ya 1880, meli za mahujaji zilizoingia Bahari ya Shamu kutoka kusini zilisimamishwa kisiwa cha Kamaran, watu wakateremshwa, nguo zikafukizwa, wakakaa karantini kwa hofu ya kipindupindu kabla ya kuruhusiwa kwenda Jeddah. Ikiwa mtu analalamikia sindano mbili, amkumbuke aliyekaa Kamaran.

Kwa vijana wa kazi za Ghuba hesabu ni nyingine. Kabla ya viza watapimwa afya katika vituo vilivyoteuliwa, na miongoni mwa vipimo ni homa ya ini aina ya B. Aliyekutwa nayo huandikwa kuwa hafai, na pesa za wakala mara nyingi hazirudi. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya ugonjwa huu mwishoni mwa 2001. Aliyezaliwa kabla ya hapo, isipokuwa alitafuta mwenyewe, hana. Basi kijana mwenye nia ya Ghuba asingoje kuitwa. Apime kwanza, akiwa salama aanze sindano ya kwanza, ya pili mwezi mmoja baadaye, ya tatu mwezi wa sita. Na jambo ambalo mawakala hawalisemi: sindano ya homa ya ini inaweza kuifanya damu ionyeshe dalili ya ugonjwa kwa hadi siku kumi na nane, ingawa mtu hana ugonjwa wowote. Ukichoma Jumatatu ukapimwa Ijumaa, unaweza kujiangusha mwenyewe. Acha zipite wiki tatu kamili.

Kwa mafundi wa majahazi naongeza pepopunda. Akina mama hupata chanjo yake wanapokuwa wajawazito. Wanaume wengi waliiacha utotoni. Kazi ni misumari na mbao, njia ni za punda, na kinyesi cha punda ni makao ya vijidudu vya pepopunda. Hata usiposafiri kokote, hii kaidai zahanati.

Mwanafunzi anayekwenda Ulaya au Marekani ataombwa ushahidi wa surua na kadhalika. Kitabu cha kliniki kikiwa kimepotea, jibu rahisi ni kuchomwa upya. Hakuna madhara ya kurudia. Akumbuke tu kwamba chanjo mbili za virusi hai, kama surua na homa ya manjano, huchomwa siku moja au hupishana wiki nne. Akikosea hapo, kalenda yake yote inasogea mwezi mzima.

Na wale walioko Muscat au London wanaowaleta watoto kumwona bibi Matondoni, hatari yao iko huku kwetu. Mtoto aliyezaliwa huko hana kinga yoyote ya malaria, na baba aliyekaa miaka mingi nje naye ameipoteza ingawa moyoni anajiona mwenyeji. Waonane na daktari huko huko wapewe dawa za kinga kabla ya kupanda ndege, na walale chandaruani. Kila likizo wapo wanaokuja bila kitu kwa sababu wanaona aibu kuonekana wageni kwao.

Labda yupo anayesoma akasema moyoni kuwa yeye anaogopa sindano, basi. Si wa kwanza. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa wa pwani hii hii yetu, kaskazini ya Lamu: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa akifanya kazi mahali penye chanjo, na hakuwa amechanjwa. Baadaye alieleza kuwa aliogopa maumivu ya sindano. Alipona, na miaka ya mwisho ya maisha yake aliitumia kuwashawishi Wasomali wenzake wawachanje watoto polio. Alifariki 2013 akiwa katika kazi hiyo. Kabla yake, cheti cha ndui kilikuwa kikidaiwa kwa wasafiri duniani kote. Leo hakidaiwi popote.

Sasa chukua kalenda. Weka alama siku ya ndege, kisha hesabu kurudi nyuma. Siku kumi za mwanzo huzigusi. Zitangulize na wiki mbili nyingine za dozi kukosekana, jina kukosewa, siku ya kituo kupita. Kisha weka siku za njia, na kwa mtu wa Lamu siku za njia si jambo la kupuuza: mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliikata barabara ya Garsen, mabasi yakakwama, na miaka hii hija inaangukia karibu na masika. Kusi nayo ikivuma, mashua ndogo hazikubali kila siku. Mimi naona miezi miwili kabla ya safari ndiyo mwanzo wa haki kwa anayekaa Matondoni, na miezi saba kwa anayetaka homa ya ini imalizike. Mtu wa Nairobi anaweza kufanya haya kwa muda mfupi zaidi. Wewe huwezi, na si kosa lako, lakini ndege haitakungoja kwa sababu hiyo.

Masharti ya nchi hubadilika, ya Saudia hasa, ambayo hutolewa upya kila msimu wa hija. Usitegemee aliyokwambia hujaji wa mwaka juzi. Viongozi wa misafara na mawakala, hili ni jukumu lenu: masharti ya mwaka huu yachapishwe kwa Kiswahili, yabandikwe msikitini na kwenye zahanati, na majina ya wanaohitaji sindano yafike Amu kabla ya pesa za tiketi kupokelewa.